Kabla ya Ikulu alikuwa na chaki mkononi

Kuna mada ukiianzisha saluni, kijiweni au kwenye daladala iliyokwama foleni haihitaji mtu wa kuichochea, nayo ni mke wa kiongozi. Utasikia wanalala vyumba tofauti, utasikia yule mama ndiye anayepanga mawaziri, utasikia mzee ana mwingine Dodoma, na kila anayesimulia lazima ana shemeji yake anafanya kazi "humo ndani". Mi hizi stori nimezisikia kila awamu tangu nipate akili, na kinachonichekesha ni kwamba ni zile zile, linabadilika jina la mama tu, kama gauni la harusi la kuazima linalozunguka mtaa mzima, leo kavaa huyu kesho kavaa yule.

Ya chumbani leo nayaacha, wenyewe wanajua. Kuna kitu kingine cha hawa kina mama kinapotea mchana kweupe, watu wote tunaona, na hakuna hata mmoja anayeuliza kimeenda wapi. Kazi zao.

Hebu tuhesabu taratibu. Mama Maria Nyerere, mwalimu, alifundisha Nyegina kule Musoma kabla hajaolewa Januari 1953. Mama Salma Kikwete, mwalimu wa shule ya msingi. Mama Janeth Magufuli, mwalimu wa shule ya msingi, na tena yeye na Mama Salma wote wamepita shule moja, Mbuyuni pale Dar, mpaka watu wakawa wanatania kwamba ukitaka binti yako aingie Ikulu mpeleke akafundishe Mbuyuni. Vuka Namanga. Lucy Kibaki, mwalimu, alifika mpaka kuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Margaret Kenyatta kasomea ualimu. Rachel Ruto naye kasomea ualimu. Ida Odinga, ambaye mumewe hakuwahi kuingia Ikulu lakini mlango wake alikuwa anausikia kwa karibu miaka yote, mwalimu.

Hii sio bahati nasibu bwana. Kwa vizazi vile, msichana aliyesoma alikuwa na milango miwili mitatu tu, ualimu, uuguzi, ukarani, na vijana waliokuja kuwa viongozi walikuwa wanaoa hukohuko walikokuwa wanakaa wasomi wenzao. Kwa hiyo ukitoa makoti na walinzi, hadithi ya wake wa viongozi wetu ni hadithi ya walimu. Na mwalimu ni mtu mwenye mshahara wake hata kama ni kiduchu, ana ofisi ya walimu yenye wambea wake, ana kikoba chake, ana watoto wa darasa la nne wanaomwita kwa jina lake na sio jina la mtu mwingine. Halafu siku moja matokeo yanatangazwa, na kuanzia siku ile yule mwalimu anaitwa Mama Fulani, na huyo Fulani ni mume.

Sisemi walilazimishwa. Inawezekana kabisa mtu akafurahi kuachana na kusahihisha madaftari tisini usiku. Ninachosema ni kwamba sisi tunaojifanya tunataka kujua maisha binafsi ya huyu mama, hicho ndicho kilikuwa cha kwake binafsi kuliko vyote na hatukuwahi kukipa hata dakika mbili.

Chukua kuku wa Mama Maria. Watu wengi wanamjua kama yule bibi mtulivu, mcha Mungu, anayeonekana Butiama kwenye kumbukumbu za tarehe 14 Oktoba, rozari haimtoki mkononi. Lakini kabla ya ubibi alikuwa mjasiriamali, tena wa kweli sio wa semina. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955 ili ashike siasa za TANU mshahara ukakata, na siasa za wakati ule zilikuwa hazilipi posho, ilibidi mama atafute hela ya kula na watoto ndo walikuwa wanaanza kuja (walikuja kufika wanane), akauza mafuta ya taa. Fikiria hapo. Baba wa Taifa tunayemjua sisi, picha ukutani, fimbo mkononi, nyuma yake kuna mwanamke anapima mafuta ya taa kwenye chupa na mikono inanuka. Baadae mambo yalivyotulia akafuga kuku, na ufugaji ukakubali.

Ikaja Azimio la Arusha, 1967. Wote tulikaririshwa masharti ya uongozi shuleni, kiongozi asiwe na hisa kwenye makampuni, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kipande ambacho watu wanakiruka ni pale azimio linapoeleza kiongozi ni nani, kwamba ni mtu pamoja na mkewe, na akiwa mwanamke basi ni yeye pamoja na mumewe. Yaani kwenye karatasi ile mke kaingizwa moja kwa moja. Na yule mradi wa kuku wa Mama Maria ukaishia kukabidhiwa kijiji cha ushirika.

Mi nikiwa upande wa siasa naielewa hii kabisa, tena naiheshimu, maana bila kile kifungu kila waziri angeandikisha magorofa kwa jina la mama watoto na azimio lingekufa mwezi huohuo. Ila nikiwa upande wa yule mama najiuliza, hivi siku ile aliyoambiwa kuku wanaondoka alijibu nini? Maana wale kuku hawakuwa wa TANU. Hawakuwa wa serikali. Aliwalisha yeye. Mimi mwenyewe nimefuga kuku wa mayai mia na hamsini, najua kuamka saa kumi kuangalia kama taa imezima na vifaranga wamerundikana kona moja, najua mdondo ukipita unavyokaa chini umeshika kichwa, mtu akikwambia waachie kwa ajili ya itikadi ya mwenzio lazima kuna neno utasema, hata kama utalisema jikoni peke yako. Na hapo ndo tunapokuja kumsifia kwamba alikuwa mama mnyamavu sana, mfano wa kuigwa. Kimya chenyewe alikilipia.

Sasa ona kilichokuja kutokea. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza yale masharti, biashara ruksa. Mzee Mwinyi alikuwa na wake wawili, Mama Sitti na Mama Khadija, na nchi iliendelea bila mtu kuumwa kichwa. Akaingia Mzee Mkapa, na Mama Anna Mkapa mwaka 1997 akaanzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote, na kuanzia hapo ikawa kama ada, kila mke wa Rais anayeingia watu wanamuuliza taasisi yako inaitwaje. Mama Salma akaja na WAMA mwaka 2006. Zanzibar sasa hivi Mama Mariam Mwinyi ana ya kwake, Maisha Bora. Kazi imerudi lakini kwa sura nyingine. Ni kazi bila mshahara, bila ajira, bila mahali katiba inapoitaja, ila ina ofisi, ina wafadhili, ina msafara, na mfadhili akija na hundi tuwe wakweli, hamuwazii mwalimu wa zamani wa shule ya msingi, anamuwazia anayelala naye nyumba moja.

Hapa ndipo faragha inapoisha na maswali yanapotakiwa kuanza, na ndipo sisi tunapokuwa wapole kama tumemwagiwa maji. Kampuni ya ANBEN, Anna na Benjamin, ilikuja kupigiwa kelele bungeni na magazetini baada ya mzee kuondoka, hasa ishu ya mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira. Baada ya kuondoka! Wakati wapo humo ndani watu walikuwa bize na nani kavaa nini. Na sheria tunayo, ile ya maadili ya viongozi wa umma ya mwaka 1995, inamtaka kiongozi atangaze mali zake na za mwenza wake na za watoto wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Kwa hiyo kile kifungu cha Arusha hakikufa chote, kilihamia sheria nyingine, mke bado anahesabiwa kwenye masharti. Kwenye mshahara ndo hahesabiwi. Ukikaa ukaliangalia hilo vizuri utaona mahali pa ajabu tulipomuweka huyu mtu, anawajibika kama kiongozi ila hana cheo cha kujiuzulu.

Novemba 2016 Mama Janeth Magufuli aliumwa akalazwa Muhimbili, wodi ya Sewahaji. Picha za Rais aliyekwenda kumjulia hali mkewe zikatoka Ikulu, zikaenea simu zote ndani ya saa chache. Kumbukeni wakati ule, ni mwaka wa kwanza wa kubana matumizi, safari za nje zimekatwa, vigogo kutibiwa nje imekuwa dhambi. Watu wakashangilia, ona mke wa Rais kalazwa Muhimbili kama sisi. Na mimi nilishangilia, nisijifanye mjuaji. Baadae nikaja kuwaza, mimi nikilazwa na kanyula ipo mkononi, nywele zimesimama, uso umevimba, nataka nani anione? Mama yangu alipolazwa alituambia hata majirani msiwaambie mpaka nioge. Ile picha ilikuwa hoja ya kisiasa nzuri sana, nzuri kweli, lakini ilijengwa na mwili wa mtu anayeumwa, na kwa utaratibu wetu mtu huyo hatukutegemea awe na maoni.

Kwa hiyo msinidanganye kwamba eti tunaheshimu faragha ya familia za viongozi. Mlango unafunguliwa ukiwa na faida na unafungwa ukiwa na hasara, na anayeshika ufunguo mara nyingi sio mama.

Kenya wao walimpata aliyeamua kuushika ufunguo mwenyewe, na patakumbukwa. Lucy Kibaki. Usiku wa tarehe 2 Mei 2005 alitinga ofisi za gazeti la Nation pale Nairobi na walinzi wake, kakasirishwa na habari zilizoandikwa kuhusu yeye kwenda kulalamikia kelele za muziki kwenye sherehe ya jirani, mkubwa wa Benki ya Dunia aliyekuwa anahama. Alikaa mle masaa, akachukua madaftari ya waandishi, akamzaba kibao mpiga picha wa KTN aliyekuwa anarekodi. Kukapambazuka, na ilikuwa siku ya uhuru wa vyombo vya habari duniani, ukitunga hiyo kwenye igizo watu watasema umezidisha.

Kibao ni kosa, sikitetei, yule kijana alikuwa kazini na hakupata haki yake. Lakini tukimaliza kusema hivyo tuendelee kidogo. Huyu mama alikuwa ameshakaa zaidi ya mwaka anasikia ndoa yake inajadiliwa kama bei ya unga. Januari 2004 Ikulu yenyewe ilitoa tamko kueleza familia ya Rais ni nani na nani, kwamba ni Lucy na watoto wanne, kwa sababu kulikuwa na mwanamke mwingine anayetajwa. Halikuisha. Machi 2009 Rais mzima akaitisha waandishi, kasimama, mkewe yupo pembeni, anaiambia nchi kwamba yeye ana mke mmoja tu. Jamani. Nchi imetoka kwenye machafuko ya uchaguzi mwaka mmoja nyuma, watu zaidi ya elfu moja wamekufa, na hilo ndilo linaitishiwa mkutano. Na hapo mzee ndo alikuwa mpole, mzee wa watu, anapenda gofu yake. Hasira zote zilikuwa za mama. Mi nadhani kuna jambo hapo ambalo wanaume hatupendi kulisema, kwamba utulivu wa mheshimiwa ulikuwa unawezekana kwa sababu kuna mtu mwingine alikuwa anabeba aibu ya nyumba nzima, akibeba mpaka akachoka, akichoka anaitwa kichaa.

Mwingine ni Lena Moi. Huyu wengi hawamkumbuki, na ndo maana ya kumtaja. Walitengana na mzee mwaka 1974, miaka minne kabla Moi hajawa Rais, akabaki kwenye shamba lake Kabimoi, Eldama Ravine, mpaka alipofariki mwaka 2004. Piga hesabu. 1978 mpaka 2002, miaka 24, Kenya haikuwa na mke wa Rais anayeonekana. Wageni walikuja, dhifa zikaandaliwa, gwaride likakaguliwa. Pamoja na matatizo yote ya utawala ule, na yalikuwa mengi, sijawahi kusikia hata moja lililosababishwa na Ikulu kukosa mama wa kukata utepe. Kwa hiyo hiki cheo tunachowavalisha hawa kina mama mpaka wanaacha chaki, nchi ilikaa bila hicho cheo robo karne.

Na Ida Odinga yeye alinyang'anywa chaki kabisa. Alikuwa anafundisha Kenya High, mumewe yuko kizuizini miaka ya themanini, watoto wadogo, na serikali ikamfukuza kazi. Kosa lake ni ndoa. Huwa namkumbuka kila mtu anaponiambia wake za wanasiasa wanafaidi tu.

Nisije nikaonekana naongelea wakubwa peke yao. Mtaani kwetu zamani mwenyekiti wa serikali ya mtaa alikuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mkewe alikuwa fundi cherehani, barazani pale, mashine ya miguu. Mzee alipochaguliwa ile baraza ikageuka ofisi. Mtu anataka barua ya utambulisho apeleke benki, anakaa barazani. Wawili wamegombana mpaka wa kiwanja, wanakaa barazani. Saa sita usiku mtu kaibiwa, anagonga. Mwenyekiti mwenyewe mara yuko kata mara yuko kwenye kikao, kwa hiyo anayewapokea ni mama, na mgeni hakai kavu, kuna sufuria kubwa la chai lilikuwa halishuki jikoni, sukari ya nani, mkaa wa nani, wa kwake. Cherehani ikasogezwa ndani, halafu ikafunikwa kitambaa, halafu ikawekewa redio juu. Wateja wake wa sare za shule wakahamia kwa fundi mwingine. Na mtaa mzima tulikuwa tunamsema, yule mama anaringa siku hizi, nguo umpelekee wewe umfuate wewe.

Sasa turudi Dodoma, maana toka Machi 2021 tumepata nafasi ambayo nchi chache sana zimepata, ya kuangalia hii kitu kwa upande wa pili. Rais ni mwanamke. Mumewe, Mzee Hafidh Ameir, afisa kilimo mstaafu, wameoana tangu 1978, watoto wanne. Haya niambieni, taasisi yake inaitwaje? Kaenda kutembelea kituo gani cha watoto yatima? Kilemba, samahani, kofia yake ya siku ya kuapishwa ilikuwa rangi gani? Nani kati yenu amewahi kukaa saluni akasikia watu wanabishana kama Mzee Hafidh ndiye anayepanga mawaziri? Hata jina la kumuita hatuna, tumeangaikaangaika na "mume wa Rais" tukaachia hapo. Anatokea akitokea, asipotokea hakuna anayesema wamegombana. Anaishi. Na ni sawa kabisa, namuombea aendelee hivyohivyo, na mali zake zitajwe kwenye fomu za maadili kama sheria inavyosema basi, biashara imeisha.

Ila hiyo heshima kaipata bure, siku ya kwanza, bila kuiomba. Mama Maria aliipata kwa miaka ya kunyamaza. Lucy Kibaki aliidai kwa kibao akaikosa. Mama Salma njia aliyoitumia ni nyingine, aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2017 na 2020 akaenda mwenyewe kugombea Mchinga akashinda, na watu wakanuna, eti mke wa Rais mstaafu ubunge wa nini si apumzike. Apumzike na nini? Ungemwambia mume hivyo? Mi sio shabiki wa familia moja kurundikana kwenye siasa, hilo nitalipinga kila siku, lakini kama tatizo ni familia basi semeni familia, wengi walionuna tatizo lao lilikuwa kwamba kasimama jukwaani anaomba kura kwa mdomo wake.

Mtu anaweza kuniambia, sasa wewe unataka tusiongelee hata kidogo? Ongeleeni. Pesa ya wafadhili imeingiaje, nani anakagua hesabu za zile taasisi, msafara unalipwa na fungu gani, tenda kapewa shemeji yupi, hayo yangekuwa yanajadiliwa saluni kwa ukali uleule tunaojadilia nywele, tungekuwa mbali. Mi nimejaribu kuyaanzisha mara mbili tatu kwenye kijiwe chetu. Watu wanatikisa kichwa, wanasema ni kweli, wanakunywa kahawa, halafu mmoja anasogeza kiti anapunguza sauti, "lakini nasikia wale hawalali chumba kimoja".

Yule mwenyekiti wetu alikuja kushindwa uchaguzi. Jumamosi ya kwanza hakugonga mtu. Mkewe aliliosha lile sufuria kwa mchanga mpaka likang'aa, akaligeuza juu ya kichanja, tulikuja kuliazima kwenye msiba miaka mingi baadae na bado lilikuwa jeupe. Cherehani alishaiuza.